Marlene Ashika Usukani

Missoula, Montana
24 Aprili 1983

Shangazi Aili mpendwa,

Hujambo huko pwani? Huku tungali tunapumua. Theluji imeondoka uani, imetuachia matope ya kufika kifundoni. Inga ametimiza miaka kumi na mitatu lakini mwenyewe anajiona ana thelathini. Juzi alinisahihisha namna ya kukaanga yai. Ross ameng'oka jino la mbele na kutwa anapiga mluzi kupitia pengo, hata kanisani. Mimi ningali pale pale duka la vitambaa. Miguu inauma, lakini kazi ni kazi. Verne anakusalimu.

Haya, tuje kwenye lenyewe. Tunakuja Julai kama kila mwaka. Njia ni ile ile: tunavuka mlima Lolo, tunashuka na mto, tunapiga mahema ziwa Wallowa, kisha tunaufuata mto Columbia mpaka baharini kwako. Safari hii nitaendesha mimi. Trela nimelikagua na kulifunga magurudumu mapya. Watoto wameshaanza kugombania nani atalala upande wa mlango wa hema.

Usijisumbue kuoka. Najua utaoka, lakini nimesema.

Mwanao,
Marlene


Salmi Bay, Oregon
9 Mei 1983

Marlene, binti wa kaka yangu,

Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa goti, nalo nimeshalizoea kama mtu anavyomzoea mgeni asiyeondoka. Jirani yangu Eskil Lund ameongeza ng'ombe, eti kwa kuwa mkewe hayupo tena wa kumkataza. Mvua za baridi mwaka huu zilikuwa kali kidogo. Lakini pwani ni pwani.

Njooni. Ila msipige hema uani kwangu kama mlivyozoea. Nendeni kwenye uwanja wa kambi wa serikali, ng'ambo ya mto; kuna maji na vyoo. Nyasi zangu mwaka huu ni mbaya. Usiniulize zaidi habari za nyasi.

Mimi ndiye mwenye kuuliza. Tangu muoane, hakuna barua yako iliyonifikia bila Verne kuchora mstari wake wa upuuzi pale chini. Mwaka jana aliandika kwamba ameota nimeolewa na sili wa baharini. Safari hii "Verne anakusalimu", basi! Tena unasema utaendesha wewe, wewe unayefumba macho gari likipita darajani. Mumeo yuko wapi, mwanangu? Amekuacha? Amekufa? Sema. Mimi si yai, sivunjiki.

Shangazi yako,
Aili Rautio


Missoula
6 Juni 1983

Shangazi mpendwa,

Watoto hawajambo, shule zinafungwa wiki hii, na mimi nimekaa na barua yako karibu mwezi mzima nikiizungusha mkononi.

Verne haoni. Ilikuwa Oktoba, msituni, kazini. Waya wa chuma wa kuvutia magogo ulikatika ukamchapa usoni. Madaktari kule Spokane waliiokoa taya, wakaiokoa pua. Macho hawakuyaweza. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Shangazi Aili ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye kwake mimi bado ni Verne. Mwache hivyo hivyo." Nikamtii majira yote ya baridi. Leo nimemwasi, na hajui.

Anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, redio imewashwa, haisikilizi. Fimbo nyeupe waliyompa hospitali iko kabatini, haijatoka hata kwenye karatasi yake. Nilipomtajia safari, mambo yalikuwa hivi:

"Twende wapi?"

"Tunakoenda kila mwaka."

"Nikatazame nini, Marlene? Mnipakie kama gunia la viazi, mnishushe, kisha mnipakie tena?"

"Gunia la viazi halilalamiki. Litapakiwa tu."

Hakucheka. "Hujawahi kuvuta trela hata kulitoa uani."

"Nitajifunza."

"Kwenye Lolo? Utatuua."

"Basi tutakufa wote, tena tumeshiba. Nitafunga chakula."

Aliyecheka ni Inga, kule jikoni, na baba yake akamgeuzia uso wa hasira, ila aliugeuzia jokofu. Inga akaacha kucheka. Shangazi, sitaki kuuona tena uso wa mtoto wangu ulivyokuwa dakika ile.

Kila Jumapili, watu wakiwa kanisani, najifunza kurudisha trela nyuma kwenye uwanja wa duka la vyakula. Nimeshaangusha pipa la taka na nguzo moja. Watu wanadhani nataka matembezi. Sitaki matembezi. Nikimwacha kwenye kiti kile kiangazi hiki, hatainuka tena. Kwa hiyo tunakuja, apende asipende, nami nipende nisipende.

Na wewe, nyasi zako zina nini? Nyasi haziugui, Shangazi.

Marlene


Salmi Bay
17 Juni 1983

Marlene,

Sina salamu ndefu leo. Goti lipo, ng'ombe wa Eskil wapo. Msomee mumeo haya kwa sauti, neno kwa neno, hata akikuambia unyamaze:

Verne Tolliver, mkwe wangu usiye na adabu. Nimelia kutwa nzima na sasa nimemaliza, kwa hiyo usitegemee machozi mengine kutoka kwangu. Nasikia mimi ndiye niliyebaki nikikuona wewe ni Verne. Nitakuonaje umejificha Montana? Aliyepoteza macho ni wewe, si mimi. Lete huo uso niutazame. Kahawa ipo, na bado ni chungu kama unavyoitukana.

Mwisho wa kusoma. Wewe Marlene, kwenye miteremko tumia gia ndogo, marehemu baba yako alikuwa akisema hivyo kila siku. Ama nyasi, nyasi ni nyasi.

Aili


Ziwa Wallowa
13 Julai 1983

Shangazi,

Nakuandikia kwenye meza ya mbao kati ya misonobari, nisamehe mwandiko. Sote wazima. Ross ameumwa na nyigu sikioni. Inga hasemi na mimi kwa sababu nimemkataza kuvaa kaptura yake fupi mbele ya wavulana wa hema la pili.

Barua yako nilimsomea. Akasema tu, "Ajuza yule." Asubuhi iliyofuata nikamkuta anapapasa chini ya kitanda, anatafuta viatu vyake vya milimani.

Lolo tuliipanda na foleni ya malori nyuma yangu, yananipigia honi kama harusi. Verne kiti cha mbele, amekunja mikono. Tulipofika juu nikaegesha, nikashuka, nikatapika nyuma ya bango la mpaka wa Idaho. Kisha nikarudi kwenye usukani. Chini kwenye mto Lochsa tulisimama kula. Verne akamuuliza Ross, "Maji yana rangi gani leo?" Ross akafikiri sana, akajibu, "Ya maji." Basi baba yake akacheka, Shangazi. Cheko lenyewe lilikuwa limechakaa, lakini lilikuwa lake.

Kesho yake ndipo tulipokutana na barabara ya Rattlesnake. Unaujua mteremko ule, unavyojikunja kama utumbo mpaka mtoni. Trela lilikuwa linanisukuma nami nimekanyaga breki bila kuachia. Sikuwa naona kitu ila kona.

"Marlene," akasema, "kuna kitu kinaungua."

"Si mimi."

"Ni breki. Tafuta pa kusimama. Sasa hivi."

Nikapata kijisehemu kando ya genge. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu. Watoto niliwakalisha juu ya mwamba, halafu nikamwambia Verne yamenishinda, tungoje mtu atutoe hapo, turudi nyumbani. Nililia mbele ya watoto. Yeye akashuka, akalishika gari kwa viganja, akalifuata ubavuni mpaka gurudumu la nyuma, akalisogezea mkono bila kuligusa.

"Zitapoa," akasema. "Halafu utaweka gia ya kwanza. Mguu usilale juu ya breki. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia."

"Siwezi, Verne."

"Injini nitakusikilizia mimi. Wewe tazama barabara. Hiyo mimi siwezi, kwa hiyo lazima uiweze wewe."

Tukashuka, yeye akisema "achia", "sasa", "achia", kama anayebembeleza mtoto. Kule chini darajani nikasimamisha gari. Hakusema umefanya vizuri, unamjua. Alisema, "Pale juu ungebadilisha gia mapema kidogo."

Hema alilisimamisha mwenyewe, akafukuza kila mkono wa msaada. Limeinama upande, lakini limesimama. Usidhani basi yote ni mazuri. Jana alikataa kwenda ziwani kwa sababu ya watu. Tuligombana, na mambo tuliyoambiana sitayaandika. Leo asubuhi kila mtu amekunywa kahawa yake akiwa amempa mwenzake mgongo.

Tunaendelea mbele. Ukipata barua hii, sisi tutakuwa tumekaribia, kama hatujaitangulia.

Marlene


Salmi Bay
20 Agosti 1983

Marlene mwanangu,

Nimepata kadi kwamba mmefika nyumbani salama. Mungu asifiwe, na gia ndogo pia. Mwambie Ross kwamba kaa wake aliyemwacha kwenye ndoo nimemrudisha baharini. Asiulize kama alikuwa hai. Inga amesahau kaptura ile hapa. Naona umeisahau wewe.

Ulipokuwa umeshika usukani tayari kuondoka uliniuliza dirishani Verne aliniambia nini siku ile jikoni. Nikakuambia washa gari. Leo nitakuambia, kwa kuwa karatasi hainikodolei macho.

Ulipofika uliona mwenyewe. Mahali mlipokuwa mkipiga hema hapakuwapo tena. Bahari ilipalamba wakati wa dhoruba za baridi, ikaja mpaka ngazi za baraza zikabaki zinaning'inia hewani. Ulisimama kama uliyepigwa kofi, kisha ukanifokea mbele ya Eskil. Nilistahili. Watu wa serikali walibandika tangazo mlangoni mwezi Machi kwamba nihame, nami nikalibandua nikawashia jiko. Mchungaji alinisihi, Eskil alinisihi, ukanisihi na wewe. Nikasema baba yangu ndiye aliyeijenga nyumba hii, ikienda nitakwenda nayo. Ukawachukua watoto ukashuka ufukoni ili usinitukane.

Verne alibaki. Nikampa kahawa na mkate wangu wa iliki. Akala. Kisha akaweka kikombe chini.

"Shangazi, chini ya jikoni kwako anaishi nani?"

"Panya, labda."

"Panya gani anapiga, ananyamaza, halafu anamwaga mchanga?" Akaelekeza kidole sakafuni, pale pale chini ya jiko. "Hapo."

"Bahari hiyo naisikia tangu Februari," nikamwambia.

"Unasikia, na bado unaoka?"

Nilikasirika, Marlene. Nikamjibu, "Na wewe ulikaa kitini majira yote ya baridi, unawasikia watoto wako wanakua, hukuinuka. Usinifundishe kusikia."

Nilijua nimemuumiza. Uso ulimbadilika. Nikangoja anitukane, ningempokea. Hakunitukana. Akasema polepole, "Waya ulinipiga kabla sijausikia. Ningeusikia mapema hata kidogo, ningekimbia mpaka Kanada. Wewe wako unausikia, Shangazi. Unausikia, umekaa."

Hayo ndiyo aliyoniambia. Eskil na mchungaji walinionyesha nyufa, na nyufa macho yangu yalikuwa yameshazizoea. Lakini yule hakuniambia tazama.

Nikamwambia hata nikitaka kuihamisha nyumba, haivutiki, itavunjika. Akauliza nilizaliwa chumba gani. Nikacheka. Nikamwambia sikuzaliwa chumba chochote. Nilizaliwa kule nyuma, kwenye kibanda cha kuogea mvuke, kama sisi Wafini wengi wa wakati ule. Baba alikijenga kibanda kwanza, kwa magogo, tukaishi humo mpaka nyumba ilipokwisha. "Kumbe!" akasema. "Watu wote wanakusihi uache nyumba uliyozaliwa, wala hukuzaliwa humo, ajuza mwongo." Na kabla hujapanda kutoka ufukoni alikuwa ameshanituma nimwite Eskil na trekta lake.

Zile kazi za kukiinua kibanda kwa jeki na kukilaza juu ya magogo uliziona, viganja vyako vilichubuka. Ila siku ya kuvuta wewe ulikuwa juu ya trekta, injini inanguruma, hukusikia kitu. Eskil alikuwa amenuna. "Trekta langu, kwa nini nisiliendeshe mimi?" Verne akamwambia, "Mzee Lund, mguu wako siujui. Mguu wa mke wangu nimeusikiliza tangu Montana." Eskil akaenda na watoto kusimama nyuma ya zizi lake, anabwabwaja. Verne aliwaamuru wote wakae huko, mbali na waya wa kuvutia kibanda. Mimi nikakataa kuondoka. Kibanda ni changu. Akanivuta nyuma ya ule mti mnene, akanishika kiwiko.

Waya ulipokaza, alinibana kiwiko mpaka nikauma meno. Waya ukaanza kulia, ule mlio mwembamba. Akawa mweupe kama unga. Nikamwambia, "Verne, mwanangu, tuache. Si lazima." Akasema, "Bado. Huo ni waya mzima." Kibanda kikasogea, kikasogea. Halafu mimi sikusikia tofauti yoyote, ila yeye akainua mkono juu. Wewe ukasimamisha trekta hapo hapo, nilikuona. Eskil akapiga kelele kwamba hakuna tatizo, endeleeni. Verne akasema, "Legezeni, mkatazame ndoano." Mkaikuta imeteleza mpaka kwenye ncha ya gogo. Ingechomoka, waya ungerudi na kupiga kila kilichosimama.

Mkaifunga upya, na safari ya pili kibanda kikavuka barabara kikapanda kwenye kipande changu cha ardhi kule juu. Mlishangilia wote. Yeye alikwenda nyuma ya zizi la Eskil akatapika, akaniomba nisikuambie. Nimekuambia. Katika nyumba yenu ugonjwa wa kutapika kwa siri umezidi.

Nalala kwenye chumba cha mbele cha kibanda. Wanaume wa kanisa wataniongezea chumba kabla ya mvua. Nyumba ingali imesimama, tupu. Kila asubuhi naitazama kutoka ng'ambo ya barabara, siiendei.

Shangazi yako,
Aili


Missoula
25 Septemba 1983

Shangazi mpendwa,

Sote tunakusalimu. Majani yameanza kuwa ya manjano, Inga ameingia timu ya mpira wa wavu, Ross ameota jino na mluzi umekwisha, tunashukuru.

Habari ya nyuma ya zizi sikumwambia kwamba naijua. Najifanya mjinga, kama alivyojifanya hajui habari ya bango la Idaho.

Usinifikirie nimemrudisha mtu mpya. Siku nyingine anakaa kitini tangu asubuhi, nami napita nikipiga milango. Lakini kuna mwalimu wa wasioona anayekuja hapa nyumbani, bwana mdogo mwenye sauti ya kasisi, na Verne anagombana naye vibaya sana. Anamwambia anashika fimbo kama mwanamke anayefukuza kuku. Bwana mdogo anarudi tu. Wiki iliyopita Verne alikwenda peke yake mpaka sanduku la posta kule barabarani. Akatumbukia mtaroni. Nilikuwa dirishani nikamwona, nikashika fremu kwa mikono yote miwili ili nisikimbie. Akatoka, akaokota barua moja moja kwenye matope, akazileta. "Zimelowa," akasema. Nikamwambia, "Zitakauka."

Nimemwachia nafasi hapa chini aandike chochote. Ameiacha tupu. Sitamlazimisha, na wewe usimlazimishe.

Mvua zimeanza huko? Niambie kweli. Safari hii si habari za nyasi.

Marlene





Salmi Bay
22 Novemba 1983

Marlene mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na hili ni la kweli, si la adabu. Chumba kipya kimekwisha, kina dirisha upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi naona milima na sioni bahari, ndivyo nilivyotaka. Eskil amenipa ndama mgonjwa nimlishe kwa chupa. Anadhani sijui kwamba ananitafutia kazi.

Umeomba kweli, nakuandikia kweli. Nyumba imekwenda.

Upepo ulianza Alhamisi, na mawimbi yalikuwa yanarusha povu mpaka barabarani. Jumamosi alasiri, kama kila Jumamosi ya maisha yangu, niliwasha moto kwenye kibanda, nikangoja mawe yapate joto, nikavua nguo nikaingia kwenye mvuke. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la juu. Kwanza nikasikia misumari inachomoka, mmoja mmoja. Kisha mbao. Kisha kishindo kirefu, na magogo ya kibanda yakatikisika mgongoni mwangu, lakini hayakuachana.

Nilimkumbuka mama yangu jikoni. Nilimkumbuka kaka yangu, baba yako, anavyoteleza kwenye ngazi na soksi. Nililia kidogo. Kwenye mvuke machozi hayahesabiki.

Nikasikia mtu anakimbia nje, anapiga mlango kwa ngumi. Alikuwa Eskil, akaufungua kidogo, uso ameugeuza pembeni kwa heshima.

"Aili! Aili, imekwenda! Yote!"

Nikachota maji, nikayamwaga juu ya mawe.

"Nimesikia," nikamwambia. "Funga mlango, joto linatoka."

Shangazi yako,
Aili